Muhoro Chini Kwanza

Mama yangu hajawahi kuwaambia wanajumuiya wenzake kwamba binti yake anachora silaha. Zamu ya sala ikifika nyumbani kwetu, na mtu akiuliza ninafanya nini chumbani na ile kompyuta kutwa nzima, mama hujibu bila kupepesa macho kwamba ninachora vifaa vya kilimo kwa ajili ya Wazungu. Mimi huendelea kugawa chai.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu wanatengeneza gemu, michezo ya kuchezwa kwenye kompyuta, na katika gemu za mazimwi na falme za kubuni kila shujaa anahitaji kitu cha kushika. Upanga, mkuki, shoka, ngao, na vingine visivyo na jina kwa sababu havijawahi kuwapo duniani. Mimi ndiye ninayevibuni. Navichora kwanza kwa mkono, kisha navijenga ndani ya kompyuta mpaka unaweza kuvizungusha na kuviona hata kwa nyuma. Havimkati mtu, lakini lazima viaminike, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Mchezaji anajua fika kwamba zimwi si la kweli na halimsumbui. Ila mpe shoka ambalo mpini wake ungevunjika kwa pigo la kwanza, roho yake inakataa, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Naipenda kazi hii kupita kiasi. Nikilipata umbo linalokubali, kukaa siwezi; natoka nje nazunguka nyumba mpaka mama ananiuliza kama nimeumwa na siafu.

Nyumbani kwetu ni karibu na Rulenge, katikati ya migomba na kahawa, mahali ambapo kengele ya misheni inasikika vizuri kuliko mtandao. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio na kundi moja dogo la watengeneza gemu la ng'ambo. Majaribio maana yake ni kwamba walikuwa bado hawajanikubali. Na upande wa pili kulikuwa na mjomba wangu, wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, ambaye alikuwa ameshanitengea kiti ofisini kwake. Tulikubaliana na mama, tena mbele ya mjomba mwenyewe: watu wa gemu wakinikataa, naenda Rusumo kushughulikia makaratasi ya malori, na habari za kuchora zinaisha. Mjomba ni mtu mwema na kazi yake ni ya heshima. Lakini kila nilipokifikiria kile kiti, nilirudi mbio kwenye kompyuta.

Niliyekuwa nikimtumia kazi zangu alikuwa kiongozi wa wachoraji, bwana wa makamo anayeishi huko Ulaya ya kaskazini, mpole wa sauti na mkali wa jicho. Alinipa watu wa kubuni: walinzi wa bonde lenye maporomoko ya maji, wanaolima wakati wa amani na kupigana wakivamiwa. Nikasema hawa nawajua, nitawapa silaha ambayo dunia haijaiona. Nikawachorea upanga mrefu kama mlango, wenye meno pande zote mbili na moto unaotiririka katikati. Yule bwana aliutazama kwenye simu ya video, akauliza, "Mtu huyu akitaka kukaa ale, anauweka wapi?"

Nilicheka mpaka machozi, maana alisema kweli. Kesho yake nikaingia shambani, nikakata bua la jani la mgomba, nikafunga jiwe kwenye ncha kwa kamba ya mgomba, nikaanza kulizungusha uani ili nijue uzito unakwenda wapi. Jiwe likisogea juu, mabega yanalia. Likishuka karibu na mkono, pigo linakosa nguvu. Nililipenda jambo hili kuliko chochote nilichowahi kujifunza kwenye video za mtandaoni. Kuku walikimbilia kwa jirani. Mpita njia mmoja akasimama kwenye ua, akanitazama, akamgeukia mama.

"Vifaa vya kilimo," mama akamwambia.

Siku hiyohiyo jioni mama alikuwa anapogolea migomba, nami nimekaa chini nimechoka, nikauona muhoro wake. Muhoro nimeuona tangu nizaliwe: kile kisu chetu kirefu chenye mdomo uliopinda, cha kuvutia majani makavu na kukata mkungu. Lakini siku hiyo niliuona kwa mara ya kwanza kama mchoraji. Hausukumi, unavuta. Ukiunasa kwenye ukingo wa ngao, ngao inashuka. Ukiunasa kwenye mguu wa farasi, farasi anakaa. Mtu anayeishi juu ya miamba, ambaye adui anamjia kutoka chini, anataka kitu cha kuvuta, hataki cha kusukuma. Nikaruka kutoka nilipokaa, nikamnyang'anya mama muhoro mkononi, nikaingia nao ndani. Mama akaniita jina langu lote na la ubatizo juu yake.

Nikaurefusha mpini ufike kwapani. Nikaupa kitako cha chuma ili uzito usawazike. Nikautia pete mahali mkono wa mbele unapokaa. Kosa likaja kwenye uchakavu: niliupaka mikwaruzo kila mahali kwa usawa, ukaonekana mzee na bado ukawa wa uongo. Nikauweka muhoro wa mama kando ya kompyuta nikaukagua. Umeliwa sehemu moja tu, pale shingoni unapoanza kupinda, kwa sababu ndipo unapovutwa kila siku. Ncha yenyewe ina makali kama jana. Na mpini umeng'aa upande mmoja, upande wa kiganja chake. Nikafuta mikwaruzo yote, nikaanza upya, na ulipokamilika nilihisi kama ningeunyoosha mkono ndani ya kioo niushike.

Kiongozi aliupenda. Aliusogeza karibu, akauzungusha, akaniambia kwamba ameamini kuna mtu ameutumia muhoro ule kwa miaka. Kisha akafungua michoro ya walinzi wenyewe wakiwa wamesimama, akakunja uso. "Nieleze jambo moja. Kwa nini wote wanaushika kama wanaona aibu?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Kila mlinzi niliyemchora alikuwa ameufutika muhoro chini ya kwapa, makali yametazama nyuma, mdomo umefichwa. Wale wawili niliowachora wakiongea na mzee wa kijiji hawakuwa na silaha kabisa. Ilikuwa imelala kwenye nyasi miguuni mwao. Nilikuwa nimechora hivyo bila kufikiri. Kwetu hakuna anayepita katikati ya watu na chuma kimewaelekea, na hakuna anayemwamkia mkubwa akiwa na chuma mkononi. Unakilaza chini kwanza, ndipo unasema shikamoo. Hatufundishwi, tunakua nayo tu, na mkono wangu ulikuwa umewachora walinzi waliolelewa na mama yangu.

Nilimweleza yote, nikiwa na hakika kwamba ataniagiza nigeuze makali mbele kama walinzi wa kila gemu. Badala yake aliinuka kitini pake, nikawa naona tumbo na vifungo vya shati tu. "Basi iwe sheria ya nchi yao," akasema. Mchezaji akifika kijijini na muhoro mkononi, wazee wasiseme naye. Akitaka kusikia lolote, aulaze chini kwanza. Na tusiandike maelekezo kwenye kioo. Aelewe mwenyewe, kwa kuwatazama. Nilitoka nje nikaizunguka nyumba mara nyingi kuliko siku zote.

Furaha hiyo haikudumu. Gemu likapelekwa kwa wachezaji wa majaribio, watu wa huko huko kwao wanaolipwa kucheza kitu ambacho hakijaisha na kusema kinachowaudhi. Wote walikwama kijijini. Walimfuata bibi kizee tuliyemweka pale mlangoni, wakabonyeza kitufe cha kuongea, bibi akawatazama usoni na kunyamaza. Wakabonyeza tena. Wengine waliandika kwamba gemu limeharibika. Mmoja alimzunguka bibi mpaka akachoka akaenda kuogelea mtoni.

Kiongozi aliniita, na safari hii alikaa kitako. Wenzake walitaka jambo hilo liondolewe, na wasiojua kuchora walikuwa wameshaanza kuuliza mchoraji wa majaribio anapata wapi muda wa kutunga sheria. Alinitetea kadiri alivyoweza. "Liko jaribio moja lingine," akasema. "Akipatikana hata mtu mmoja atakayeulaza muhoro chini bila kuambiwa, linabaki, na wewe unabaki. Asipopatikana, nitalitoa, na sitakuwa na la kuwaambia kuhusu wewe." Nikamshukuru. Nilipokata simu nikasikia harufu ya wino wa mihuri ya Rusumo puani.

Nilikaa nikimtazama yule bibi wa kwenye kioo siku kadhaa. Nilimfanya akunje uso. Akaonekana ana maumivu ya jino. Nilimfanya atikise kichwa. Ikawa kama anakataa kununua kitu. Shida yangu ilikuwa moja na ya kipuuzi: sikujua mzee hufanya nini mtu akimjia na chuma, kwa sababu sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo. Heshima ilikuwa imetimizwa vizuri mno maishani mwangu mwote. Na hapo wazo likaniingia, baya na tamu kwa pamoja, na kabla halijapoa nilikuwa nimeshachukua muhoro wa mama nyuma ya mlango.

Jirani yetu ni bibi mmoja mjane ambaye kila asubuhi huchambua maharage kwenye ungo mbele ya nyumba yake. Amenibeba nikiwa mchanga. Nilivuka njia, nikaingia uani kwake nimeushika muhoro wazi, makali mbele. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Mkono wake uliokuwa ukitembea kwenye maharage ukasimama. Hakukunja uso. Hakunitazama usoni hata kidogo. Macho yake yalishuka polepole mpaka kwenye mkono wangu wa kulia, yakakaa pale. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiutazama mkono ule kama vile mimi sijafika bado, umefika mkono peke yake. Muda ukapita. Muhoro ukaanza kuwa mzito. Nilikuwa nimepanga kuvumilia ili nione kila kitu, lakini goti langu likapinda lenyewe na nikajikuta nimeulaza muhoro kwenye majani. Hapo ndipo macho yake yakapanda, yakanifikia usoni, na mkono ukarudi kwenye maharage.

"Sasa niamkie," akasema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

Badala ya kujibu nikapiga kelele, nikageuka, nikatimua mbio. Ni macho. Kumbe ni macho tu, na yule bibi wangu wa kwenye kioo nilikuwa nimemfanya atazame usoni, mahali pasipo na kosa lolote. Nilimwandikia mwenzetu anayewapa wahusika mwendo, vidole vikigongana: bibi awe anachambua maharage kwenye ungo, asimamishe mkono, ashushe macho kwenye silaha, asiyainue mpaka imelazwa. Nilikuwa bado naandika niliposikia sauti uani.

Bibi alikuwa amekuja. Ameushika muhoro wa mama, mdomo ameuzungushia jani la mgomba, anautanguliza mpini. Aliuegemeza ukutani kwanza, ndipo akamsalimia mama.

"Nimekuretea chuma chenu," akasema. "Mtoto wako ameniamkia nacho mkononi, harafu amekimbia. Anaumwa?"

Uso wa mama sitausahau. Alinitoa chumbani kwa sikio, mimi na umri wangu huu. "Umemwendea bibi na chuma? Mbele ya nyumba yake? Watu wakipita wakaona?" Nilijaribu kueleza kuhusu gemu, kuhusu macho, kuhusu jaribio la mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mgonjwa kweli. Mwishowe niliona maneno hayasaidii. Nikaileta kompyuta nje, nikaiweka juu ya kinu, nikawaonyesha yule bibi wetu wa kubuni akiwa mlangoni pake, na mlinzi akimkaribia na muhoro.

Bibi alisogea karibu akatazama kwa makini. "Huyu mzee mbona anamkodolea mtu macho usoni?" akasema. "Anamdai?"

"Ndiyo ninayotaka kurekebisha, bibi."

"Rekebisha," akasema, akavuta kigoda akakaa. Mama akaniachia sikio.

Ilibaki sauti. Wenzangu walikuwa wakitafuta sauti za wanakijiji kwa lugha yoyote isiyo ya kwao, nami nikasema ninaye mtu. Nilimwomba bibi aseme neno moja tu mbele ya simu, marahaba. Akauliza aseme kwa nani. Nikamwambia aseme tu, simu inasikia.

"Nani ameniamkia?" akauliza.

"Hakuna bibi, ni ya kurekodi."

"Sasa nitaitikia nini?"

Nilijaribu kumbembeleza, mama naye akajaribu, hakukubali. Marahaba bila shikamoo aliiona ni jambo la mtu aliyechanganyikiwa. Basi kila tulipojaribu, ilibidi niiweke simu chini, nisogee mbali, nije kwake mikono mitupu, niiname na kumwamkia sawasawa, naye ananijibu sawasawa. Jogoo akiwika, tunarudia. Pikipiki ikipita, tunarudia. Kila marahaba aliyonipa ilikuwa nzima, ya kweli, na kila mara aliniuliza baadaye kama mama hajambo, ilhali mama amesimama palepale akijizuia kucheka.

Kazi ikapelekwa. Nilingoja, na kungoja kule sikuwahi kukuzoea. Mjomba alipiga simu kuuliza kama nimeshaamua siku ya kuhamia Rusumo, na mama akamjibu kwamba bado tunavuna. Hatukuwa tunavuna kitu. Nilimsikia kutoka chumbani na nikampenda mno.

Siku video ilipoingia ilikuwa mchana, mama anaanika kahawa na bibi yuko uani kwetu na ungo wake. Kiongozi hakuandika neno lolote, ni ile video tu. Nilihofia kuiangalia peke yangu, kwa hiyo nikaitoa nje. Kioo kilionyesha gemu, na pembeni kwenye kidirisha kidogo uso wa kijana mwenye nywele nyekundu, amevaa vipokea sauti, anatafuna kitu. Nikawaeleza mama na bibi kwamba huyu ndiye anayemwendesha mlinzi, kwamba hajaambiwa lolote, na kwamba yeye ndiye ataamua kama ninabaki hapa. Mama akajifuta mikono kwenye khanga akasogea.

Kijana aliingia kijijini mbio, muhoro wazi mbele. Akapita kisimani, akaruka ua wa watu, bibi akaguna. Akafika kwa yule kizee mlangoni, akabonyeza kitufe cha kuongea. Mkono wa kizee ukasimama juu ya ungo. Macho yakashuka.

Kijana akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, na mama akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana. Kizee aliendelea kuutazama mkono wa mlinzi. Kijana akaacha kutafuna. Akajisogeza karibu na kioo chake, macho yake kwenye kile kidirisha yakafuata macho ya kizee, yakashuka, yakafika mahali yalipotakiwa kufika. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Sikijui Kidenmaki wala Kifini, sijui hata ni lugha ipi kati ya hizo, ila kuomba radhi nilikutambua.

Mlinzi akapiga goti, akaulaza muhoro kwenye nyasi, makali yakatazama pembeni. Akasimama mikono mitupu, na kijana akabonyeza kitufe mara moja. Macho ya kizee yakaanza kupanda.

"Marahaba, mwanangu," akasema bibi, hapo kando yangu, bila kuinua mkono kwenye maharage. Kompyuta ikalisema neno lilelile kwa sauti yake ileile, lakini kijana alikuwa ameshaitikiwa.